Mti Ukiguna, Nyamazeni

Mvule wa zahanati ulitugharimu msumeno mmoja mzuri wa watu wawili, kabari tano, ukuta mmoja ambao udongo wake ulikuwa haujakauka, mbuzi wa watu, na meno mawili ya mbele ya Fundi Chitanda. Nimehesabu mara mbili, kama nilivyozoea kuhesabu kila kitu, na mara zote mbili nimepata hayo hayo. Mbuzi nilijaribu kumtoa kwenye hesabu, kwa kuwa mwenye mbuzi alikiri kwamba alikuwa mgonjwa, lakini mbuzi mgonjwa naye ni mbuzi.

Wadogo zangu mliobaki kazini, siku ya kuniaga mliniomba niandike miaka yangu ya kupima magogo. Vyeo sitavitaja, wala mishahara. Vyote vilikuwa na tabia ya kuchelewa kuja na kuwahi kuondoka. Nitaandika juu ya kusikiliza miti, maana katika yote niliyoyapata kazini, hilo peke yake halikukatwa kodi.

Mimi ni mtoto wa Lindi mjini, nyuma ya soko. Mama yangu aliuza papa mkavu, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kwamba bei ya kwanza ni salamu, ya pili ni matusi, na ya tatu ndiyo bei. Miaka michache baada ya Uhuru wakatafutwa vijana wanaojua hesabu na wasioogopa kwenda kukaa Rondo, kwenye mivule. Hesabu nilijua. Rondo nilikuwa sijawahi kufika, kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa.

Siku ya kwanza nikapewa utepe wa kupimia, chaki, na nyundo yenye herufi kichwani ya kugongea alama kwenye gogo. Nikaambiwa nimtafute Fundi Chitanda, mkata miti, Mmwera wa upande wa Rutamba. Nikamkuta msituni jua la saa saba, amekumbatia mvule, sikio kalibandika kwenye gome, macho kafumba. Nikadhani ni mtu aliyejaliwa kulala wima.

“Shikamoo, mzee.”

Nikasogea karibu.

“Shikamoo!”

“Marahaba. Hata ya kwanza niliisikia. Nilikuwa naongea na mwingine.”

“Nani?”

“Huyu.” Akaupiga mti kofi la kirafiki, kama unavyompiga ng'ombe uliyemlea. “Ana kiu. Njoo umsikie.”

Nikaweka sikio. Nikasikia kweli, waziwazi, nikafurahi. “Namsikia, mzee! Anasema pu, pu, pu.”

“Huo ni moyo wako, mwanangu. Na unakwenda mbio, umepanda mlima vibaya. Kaa chini unywe maji.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, kwa kujisikiliza mwenyewe. Sitawadanganya kwamba nilielewa upesi. Msimu mzima wa kwanza nilikuwa nikiitikia tu, “Ndiyo, mzee, naam, mzee,” kama mteja anayepapasa kitambaa asichokijua. Lakini kiangazi cha pili, siku moja majani yamenywea na hata ndege wamechoka kulia, nikaweka sikio nikasikia kitu kisichokuwa moyo wangu. Tik. Kimya kirefu. Tik, tik. Kidogo mno, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti ndani ya nyumba ya jirani.

Nikamuuliza Fundi ni nini. Akasema umeshawahi kunywa dafu kwa mrija wa jani la mpapai? Nikasema nimekulia hapo. “Basi maji yakikaribia kwisha mrija unafanyaje?” Nikasema unapiga kelele, unavuta upepo. “Na mti vilevile. Juu jua linavuta, chini hakuna kitu. Anavuta upepo.” Kama alikuwa sahihi au alikuwa anakisia, sikujua. Nilichojua ni kwamba masika nilipoweka sikio kwenye mti uleule haukusema kitu, na kiangazi kilichofuata ulisema tena. Tangu hapo hata mahindi ya watu sikuyapita hivihivi. Simama kando ya shamba mchana wa jua kali, upepo mdogo tu: mahindi yaliyoshiba maji yananong'ona, yenye kiu yanakwaruzana kama karatasi ya sukari. Mwenye shamba akiniuliza kama yatafika mavuno, nilimjibu kwa sikio kabla ya kutazama.

Hiyo ilikuwa sauti ya kiu. Ya pili ilikuwa sauti ya mzigo, na hii ndiyo iliyokuwa ikiua watu. Mti uliokulia kwenye mteremko, alikuwa akisema Fundi, ni kama mtu aliyebeba gunia kwa bega moja maisha yake yote. Upande mmoja umevutika, upande mwingine umebanwa. Ukiukata, unaufungulia kinyongo. Kwanza utaguna, sauti nzito ya tumboni. Kisha utakwaruza. Kisha utapiga kofi. “Ukiguna, nyamazeni,” alitufundisha. “Ukikwaruza, acheni msumeno mwondoke. Ukipiga kofi, mimi sina la kuwaambia. Mtakuwa mmeshakimbia, au mmeshachelewa.”

Siku za upepo sikio halitoshi, majani yanapiga makelele juu. Kwa hiyo alikuwa na njia yake. Alilikita shoka kwenye shina, akainama, akauma mpini kwa meno ya mbele, akatulia hivyo. Alisema masikio hudanganyika, meno hayajui kudanganyika. Mimi niliijaribu nikasikia mti mzima ukiingia kichwani mwangu, nikauachia upesi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu. Mpini wa shoka lile ulikuwa umechimbika alama za meno, na aliyetaka kuliazima alilifuta kwanza kwa shati. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa akitusimanga: “Shoka linabusiwa kila siku ya Mungu. Mimi nangoja zamu.”

Na msidhani Fundi alikuwa mtume. Kuna siku alituondoa wote chini ya mti mmoja, tukakaa mbali hadi alasiri, kwa sababu unaguna. Kumbe ni matawi mawili ya miti jirani yanasuguana. Wiki nzima kila kiti kikilia, kila mlango ukilia, wenzetu walikuwa wakipiga kelele, “Kimbieni, Fundi amesikia!” Naye alicheka pamoja nao. Lakini mimi ni mtoto wa soko. Nilipima alivyopatia na alivyokosea, nikaona mizani inalala upande wake. Nikaamua kwamba akikimbia, nami nitakimbia, maswali baadaye.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni, kila mmoja na mikorosho yake, wakahamia pamoja chini ya mlima, na sisi tukatakiwa tukawapasulie mbao za majengo. Wako wanaozungumzia siku zile kwa uchungu na wako wanaozungumzia kwa fahari. Mimi nitasema nilichokisikia: nyimbo. Kulima nyimbo, kuchota maji nyimbo, kubeba miti nyimbo. Na Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Selemani, kabla ya uenyekiti alikuwa kiongozi wa ngoma, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kijiji cha pili. Mtu mwema, mkarimu, na mwenye imani moja isiyotikisika: watu wanaofanya kazi kimya wamegoma.

Kijiji kilikuwa kinajenga zahanati ya fito na udongo. Juu yake kidogo, kwenye mteremko, ulisimama mvule mkubwa ulioinama. Ulikuwa lazima uondoke kabla ya kuezeka, usije ukawaangukia wagonjwa, na mbao zake zingetosha miimo na milango. Mgeni wa wilaya alikuwa anakuja kuangalia maendeleo, na mabati ya paa yalitegemea atakavyoona. Mwenyekiti akapanga mti ukatwe siku hiyohiyo, mgeni aikute kazi ikiwaka moto.

Fundi alikwenda kuusikiliza siku mbili kabla. Akarudi hakutania. “Yule amejaa,” akasema. “Namkata, simkatai. Nitamlaza kando ya mteremko, mbali na nyumba. Lakini nataka nimsikie.” Kwenye mpini wa pili wa msumeno alikuwa mkwewe, Ismaili, aliyemwoa binti yake Hadija mwaka uliotangulia.

Jioni Hadija akanijia nyumbani, mjamzito wa miezi ya mwisho, akakataa kukaa.

“Kaka, wewe unajua kupatana bei. Nenda kanipatanie na Mwenyekiti.”

“Bei ya nini?”

“Ya kimya. Wasiimbe pale. Baba kesha kula chumvi yake, na akifa ataniudhi tu. Huyu mwingine hajamwona mtoto wake.”

Nikaenda. Mwenyekiti alikuwa anakula; akanikaribisha, nikala, maana njaa hushusha bei ya mtu. Kisha nikaanza.

“Mwenyekiti, naomba kimya kwenye mti kesho kutwa.”

“Kimya? Kuna msiba?”

“Hakuna. Tunaomba kimya ili usiwepo.”

“Bwana, mgeni akute watu wamenuna kuzunguka mti! Ataandika tumegoma. Waimbe polepole.”

“Mti hausikilizi polepole wala haraka. Fundi ndiye anayesikiliza.”

“Nyimbo tatu.”

“Hata moja.”

“Wewe ni mtu wa mjini, unaniibia!” Lakini macho yalikuwa yanacheka, nikajua salamu na matusi tumeshavuka. Tukafika hapa: waimbe kutoka kijijini hadi kwenye mti, waimbe wakati shoka linakata mdomo, ule upande ambao mti utaangukia, lakini msumeno ukishaingia kwa nyuma, kimya mpaka uanguke. Ukianguka, waimbe mpaka mgeni aombe kuondoka. Nami nikamwongezea mbao za jukwaa. Alitaka nne, nikampa mbili, tukaishia tatu. Tukapeana mikono. Nilirudi nyumbani nikijiona nimenunua roho ya mtu kwa mbao tatu.

Siku yenyewe ikaja. Waliimba njia nzima. Mdomo ukakatwa, msumeno ukaingia kwa nyuma, na Mwenyekiti akasimama mbele ya watu, kidole mdomoni. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Watu kijiji kizima, na kinachosikika ni msumeno tu. Fundi akawa anavuta na kusimama, anavuta na kusimama. Ismaili naye.

Tatizo ni kwamba nilipatana na Mwenyekiti, nikasahau barabara. Kina mama waliokwenda kumpokea mgeni njia panda walikuwa hawamo kwenye mapatano yetu, wala sikumtuma mtu wa kuwaambia. Gari la mgeni likaja taratibu, nao nyuma yake, wimbo juu, sauti ya kwanza tamu ya mama mmoja ikapanda mteremko ikatufikia sisi.

Na hapa mtu asiye mwenyeji hawezi kuelewa. Kwetu wimbo ukiletwa haukai hewani. Kuuacha bila kuitikiwa ni kama kuamkiwa shikamoo ukageuza uso. Watu walijizuia ubeti wa kwanza. Niliona koo zinapanda na kushuka. Ubeti wa pili bibi mmoja akaitikia kwa chini, kwa adabu tu. Ubeti wa tatu mteremko mzima uliitikia.

Mwenyekiti akaona, akageuka, akainua mikono yake yote miwili kuwanyamazisha. Lakini mikono ile watu waliijua miaka mingi kwenye ngoma. Wakaona kiongozi anawapandisha. Wakapanda. Kadiri alivyopunga, ndivyo walivyoongeza, na yeye machozi yanamtoka, anapiga kelele “Nyamazeni!” na midomo yake kwa mbali inafanana kabisa na mtu anayeimba. Nikamtazama Ismaili. Wallahi, naye alikuwa anaitikia, anavuta msumeno kwa mapigo.

Fundi aliacha mpini wake. Akachukua shoka, akalikita kwenye shina, akainama, akauma. Nilikuwa hatua chache tu, utepe mkononi, na sikusikia chochote ila wimbo. Niliona mabega yake tu. Yalitulia kama ya mtu anayesikiliza barua ikisomwa. Kisha mti mzima ukaruka, mruko mdogo tu, kama mtu aliyeshtuliwa, na kichwa cha Fundi kikarushwa nyuma na damu mdomoni.

Hakushika mdomo. Alizunguka shina, akamkamata Ismaili ukosi wa shati katikati ya kiitikio, akamburuta kumpandisha mlima. Mimi nilikwishaamua zamani: nilikimbia. Nyuma yetu mvule ukapasuka kwenda juu, kutoka kwenye msumeno mpaka kimo cha nyumba, ukasimama kidogo kwa mguu mmoja, ukajizungusha kwenye kisiki juu ya msumeno na kabari zake, ukaenda upande ambao hakuna aliyeupanga. Tawi moja likalala juu ya ukuta wa zahanati. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya ukuta.

Watu wa mteremkoni walinyamaza. Kina mama wa barabarani, ambao hawakuona kitu, walimaliza ubeti wao vizuri mpaka mwisho.

Fundi akakaa chini, akatema, akatazama alichokitema mkononi. Ismaili alikuwa kando yake, anaunyoosha ukosi wa shati. “Wewe,” akamwambia, na maneno yalitoka kwa upepo kwenye pengo jipya, “una sauti nzuri. Leo nimejua.”

Hadija alifika anatembea upesi kuliko alivyoruhusiwa na hali yake. Hakulia wala hakushukuru. Aliwahesabu, baba, mume. Akawahesabu tena. Kisha akanigeukia mimi. “Kaka, hukuuliza kuhusu barabara,” akasema, na hiyo ikawa hukumu yote. Mgeni naye, aliyekuwa ameshuka garini akatangulia kupanda mteremko, alirudi. Alikuwa amekimbia vizuri sana kwa mtu wa cheo chake. Mabati yalikuja. Sijui kama yaliletwa na nyimbo au na huruma ya ukuta.

Mwenyekiti aliumia moyoni kuliko wote. Lakini yeye ndiye aliyepata dawa. Tangu siku ile, tulipoangusha mti katika kijiji kile na vingine vilivyotuiga, palipelekwa debe la maji na kata. Msumeno ukiingia kwa nyuma, kila aliyekuwa karibu, mkubwa kwa mdogo, alijaza maji mdomoni, asimeze wala asiteme mpaka mti ulale chini. Wimbo uje kutoka popote, huwezi kuitikia. Na Mwenyekiti mwenyewe alisimama amefunga mikono nyuma. Waheshimiwa wengine waliona ni utoto. Lakini nao walijaza maji, na sikuwahi kupima gogo lililomlalia mmoja wao.

Fundi Chitanda aliendelea kukata miaka kadhaa, akiuma mpini kwa meno ya pembeni, akilalamika kwamba upande wa kushoto unasikia Kimwera tu. Alifariki kitandani kwake, akiwa mzee, na Bi Zuhura akalichukua shoka akalitia chini ya kitanda. Kwa mkata mvule, kufa kitandani ndicho cheo kikubwa ninachokijua, na hicho nimekitaja.

Baadaye misumeno ya moto, ile ya injini, ikaja. Mnaijua ninyi kuliko mimi. Kazi ya siku tatu ikawa ya saa moja, na sikatai faida. Ni nani asiyependa faida? Mimi nikahamia kwenye vituo vya barabarani, nikapima mbao zilizokwishalala, ambazo hazina la kusema. Nikastaafu nikiwa na viungo vyangu vyote.

Sasa mwezi uliopita Hadija amenijia tena. Mtoto wake yule, ambaye siku ile alikuwa tumboni, leo ni mwanamume wa haja, ana msumeno wa moto, na anaitwa huku na huku, Rutamba, Nyangamara, kuangusha miti ya watu. “Kaka,” akaniambia, “nenda kaongee naye.” Safari hii alikubali kukaa.

Nikaenda nikamkuta anainoa minyororo ya msumeno. Kijana mwenye adabu, akanipa kiti.

“Mjomba, mashine ikiwaka hata adhana siisikii. Nitausikiaje mti?”

“Si uizime katikati, usikilize?”

“Nikizima haijamaliza, mti unaukalia msumeno, unabanwa. Wakati mwingine ni hapohapo ndipo unapopasuka.”

“Basi kita shoka, uume mpini.”

“Nilishajaribu, mjomba. Mama alinipa la babu. Shina lote linatetemeka kwa mashine. Najisikia mwenyewe tu.”

Mimi niliyewahi kununua kimya kwa mbao tatu, nikaokota mnyororo mmoja nikaanza kuhesabu meno yake. Akanihurumia akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za korosho.

Kwa hiyo wadogo zangu, ninyi mnaosimama na watu wa misumeno ya moto kila siku, mimi ndiye ninayewaomba. Mkishavaa vifuniko vya masikio na mashine inanguruma, mnajuaje kwamba mti umeguna? Kuna mnachokitazama, mnachokishika, mtu mnayemweka mahali fulani? Mnaizima wapi, na mti mnaukata vipi kwa nyuma ili mashine isibanwe? Niambieni mlivyoona kwa macho yenu, hata kama ni jambo dogo, hata kama mnalionea haya. Baada ya Idi anakwenda Nyangamara kuangusha mvule ulioinama, na mama yake ananingoja nimpelekee jibu.